Maswali ya Wasomaji: Albamu ya Trap, Tumsikilize Nani?

Barua za safari hii karibu zote zimeshikana na jambo moja: mabishano ya albamu za trap, ile rap ya besi nzito iliyotoka kusini mwa Marekani. Wapo wanaogombana na alama za wahakiki, wapo wasioisikia besi inayosifiwa, na wapo wanaouliza kama Kiswahili kinakaa kwenye biti hizo. Tumerefusha pale penye mengi ya kusema.

Wahariri, habari za kazi. Albamu ikitoka, wahakiki wanaipa alama za wastani, mashabiki wanasema ndiyo albamu ya mwaka, na kwenye chati iko namba moja. Nani anatudanganya?
*Msomaji, Mbagala*

Hakuna anayedanganya, ndugu yetu. Kila mmoja ana mizani yake.

Chati inahesabu mauzo na nyimbo zimechezwa mara ngapi, basi. Billboard, jarida la chati la Marekani, iliingiza usikilizaji wa mtandaoni kwenye chati yake ya albamu Desemba 2014, ikasema nyimbo zikichezwa mara 1,500 zihesabiwe kama albamu moja iliyouzwa. Mwaka 2018 ikatofautisha: mara 1,250 kwa wanaolipia, mara 3,750 kwa wanaosikiliza bure na matangazo yake. Hebu piga hesabu kwa kipimo hicho cha 2018, kwa wanaolipia. Albamu ya nyimbo 12 ikisikilizwa mwanzo mpaka mwisho, inahitaji mizunguko kama 105 kufikisha 1,250. Ya nyimbo 24 inafika kwa mizunguko 53. Spotify nayo inahesabu wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30 tu. Hapo unaelewa kwa nini albamu za trap zilianza kurefuka. *Culture II* ya kundi la Migos, iliyotoka Januari 2018, ina nyimbo 24 na inapita saa moja na dakika 40. Ilishika namba moja, na lalamiko kubwa la wahakiki lilikuwa urefu wake. Chati ilisema kweli, wahakiki nao walisema kweli.

Shabiki anapima kwa matarajio, na siku ya kwanza matarajio yana sauti kubwa kuliko muziki wenyewe. Mfano mzuri ni *Whole Lotta Red* ya mchanaji Playboi Carti, iliyotoka 25 Desemba 2020. Watu walikuwa wameizoea *Die Lit* ya 2018, yenye biti za kuelea na ile sauti yake nyembamba ya kitoto. Wakakutana na sauti iliyokwaruza, sinthi (vinanda vya umeme) zinazopiga kelele, nyimbo 24 ndani ya saa moja na ushee. Siku zile za mwanzo mashabiki wengi waliitukana waziwazi, ingawa ilikaa namba moja. Baada ya miaka michache, vijana kibao walikuwa wanaiga sauti ileile, na wengi waliokuwa wameiponda wakaanza kuitetea. Kwa hiyo maoni ya saa 24 za kwanza yasome kama taarifa ya hali ya hewa: yanakuambia watu wamekasirika au wamefurahi, albamu bado hayajaigusa.

Mhakiki ana udhaifu wake pia. Albamu kubwa za trap mara nyingi hazitumwi kwake mapema kwa kuogopa kuvuja, kwa hiyo anaipata usiku uleule mnaoipata ninyi, na makala yake inasubiriwa. Akisikiliza mara mbili na kuandika, anachokamata vizuri ni mpangilio na mashairi. Wimbo unaohitaji wiki nzima ya kuingia kichwani hatauona.

Alama za jumla nazo zisomwe kwa akili. Metacritic inakokotoa wastani wa alama za wahakiki, na wengine wanapewa uzito zaidi ya wenzao. Wastani wa 70 unaweza kupatikana kwa sababu kila mtu katoa 70, au kwa sababu nusu wametoa 90 na nusu 50. Fungua uone alama moja moja. Albamu iliyogawa watu hivyo ndiyo ya kuipa muda wako, maana kuna kitu ndani kimewagusa. Ile ambayo wote wameipa 70 kwa kawaida ni kazi safi isiyo na jipya.

Ushauri wetu: amini maoni yanayotaja wimbo gani, dakika ya ngapi, na sauti gani. Mtu akiandika kwamba kwenye wimbo wa tano haihati (ule mlio mwembamba wa matasa) zinazima ghafla na kubaki 808 (besi ya trap) na sauti tupu, unaweza kwenda kusikia mwenyewe. Akiandika "ni moto" au "ni takataka", hajakupa kitu cha kuhakiki.

Naombeni msaada. Albamu inasifiwa kwa besi, lakini kwenye simu yangu siisikii kabisa, na kwenye sabufa ya nyumbani inanguruma mpaka maneno yanapotea. Tatizo ni albamu au vifaa vyangu?
*Msomaji, Sinza*

Vyote viwili vinaweza kuwa na mkono, dada, lakini anza na vifaa.

Besi ya trap inaitwa 808 kwa sababu asili yake ni mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka Japani mwaka 1980. Ngoma yake ya chini ilikuwa na mlio unaoweza kuvutwa ukawa mrefu. Maprodyuza wa leo wanachukua mlio huo na kuupandisha na kuushusha kama noti za gitaa la besi. Noti hizo huangukia sana kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 40 na 60. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa sauti za chini kiasi hicho. Kwenye simu unachosikia ni mwangwi wake wa juu tu, kama upo. Prodyuza mjuzi anaikwaruza 808 kidogo: noti ya hezi 50 inazaa sauti za 100, 150, 200 na kuendelea, na sikio likizipata hizo linaijazia besi yenyewe. Asipofanya hivyo, kwenye simu wimbo unabaki haihati na maneno. Hiyo ni kasoro ya kweli ya miksi, yaani namna sauti zilivyochanganywa, na una haki ya kuilalamikia, maana Dar watu wengi wanasikilizia simu.

Sabufa ina tatizo la kinyume. Maboksi mengi ya bei nafuu yana tundu lililopimwa kutia nguvu kwenye noti chache tu ili dukani yasikike makubwa. Wimbo ukipita kwenye noti hizo, kabati linatetemeka. 808 ikihama noti, besi inapungua. Unadhani prodyuza kakosea, kumbe ni boksi. Fanya hivi: litoe sabufa kwenye kona ya chumba, angalau nusu mita kutoka ukutani, kwa sababu kona inaongeza besi. Kitufe cha besi kirudishe katikati. Zima ikwalaiza ya simu pamoja na ile ya programu unayosikilizia. Zikiwa zimewashwa zote mbili, zinaongezana. Kisha cheza wimbo mmoja kwa iafoni za waya zinazoziba sikio vizuri, halafu uucheze kwenye sabufa kwa sauti ya kawaida. Kama maneno yanasikika kwenye iafoni na kumezwa kwenye sabufa, tatizo liko chumbani kwako. Yakimezwa kote kuwili, lawama ni ya aliyefanya miksi.

Angalia pia faili lenyewe. Wimbo uliopita kwenye makundi ya WhatsApp na kupakiwa tena na tena huwa umebanwa mpaka haihati zinasikika kama maji yanayotiririka. Kwa bando: ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula kama MB 72 kwa saa moja ya muziki, na wa 320 unakula kama MB 144. Wa 96, kama MB 43, unatosha kwa daladala lakini usiutumie kutolea hukumu. Ipakue albamu mara moja ukiwa na Wi-Fi, na ubishi wa bando utakwisha.

Trap na drill mbona naona ni kitu kimoja?
*Msomaji, Tabata*

Hesabu kofi, yaani ule mlio mkali wa kati. Kwenye trap, ukihesabu nne nne kwa mwendo wa mapigo 140 hivi kwa dakika, kofi linapiga pigo la tatu, kila raundi ya mapigo manne, bila kuhama. Kwenye drill iliyopita London, raundi ya kwanza linapiga la tatu, ya pili linachelewa mpaka la nne, ndiyo maana biti inasikika kama inajikwaa kwa makusudi. Pili, 808 ya drill inateleza kutoka noti hadi noti, wakati ya trap mara nyingi inakatwa na kuanza upya. Trap ni ya Atlanta na kusini mwa Marekani. Drill ilianzia Chicago, ikaenda London, ikarudi Marekani kupitia New York. Nairobi na Kumasi ya Ghana nako imeota mizizi.

Wanangu wa gazeti, mimi ni mtu mzima. Enzi za Profesa Jay tulisikia kila neno, tukajifunza. Hawa wa trap wanamumunya maneno, sauti zao zimepitishwa kwenye mashine, nyimbo zote sawa. Mnasifia nini hapo?
*Mzee wa Temeke*

Shikamoo mzee wetu. Lalamiko lako lina sehemu tatu, na kila moja tunaijibu peke yake.

La kumumunya: mashairi ya wakati ule yalijengwa juu ya kisa, na biti ziliacha nafasi katikati ili kisa kisikike. Kwenye trap sauti ya mchanaji inatumiwa sana kama chombo cha muziki. Sikiliza yale maneno mafupi anayojijibu nyuma ya mstari, wenyewe wanayaita adlibu. Yanawekwa kulia na kushoto, na mara nyingi ndiyo yanayoufanya mwendo uwe hai. Mchanaji mzuri anamumunya akijua, halafu neno la mwisho la mstari analisema wazi. Asiyejua anamumunya lote, nalo hilo ni kosa, tunakubaliana nawe.

La mashine: Auto-Tune ipo tangu 1997 na ina kipimo cha kasi ya kurekebisha noti. Ukikiweka sifuri, sauti inaruka kwenye noti papo hapo, na ndiyo hiyo sauti ya roboti uisikiayo. Ukikipunguzia kasi, hata hutajua imetumika. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: ndani ya mstari mmoja, noti zinabadilika au mtu kakaa kwenye noti moja wimbo mzima? Mchanaji Future kwenye albamu yake *DS2* ya 2015 anatumia mashine hiyo, lakini sauti inapasuka na kushuka, na uchovu wake unasikika. Wanaomwiga wamechukua roboti wakaacha uchovu.

La nyimbo zote sawa: hapa mzee mara nyingi una haki. Kipimo chepesi ni kucheza sekunde 20 za mwanzo za kila wimbo, mfululizo. Kama baada ya nyimbo sita huwezi kusema umehama wimbo, albamu hiyo haikupangwa, imerundikwa. Mjaribishe hivyo mjukuu wako na albamu anayoipenda. Kama unataka ya kuanzia iliyo fupi, *Savage Mode* ya mchanaji 21 Savage na prodyuza Metro Boomin, ya 2016, ina nyimbo 9 na haifiki dakika 35. Biti zake ni tulivu na maneno yanasikika, ingawa tukuonye kabisa kwamba si lugha ya kusikiliza sebuleni na wageni.

Wakubwa, nachana. Nikiweka ule mtindo wa tatu tatu kwa Kiswahili, washikaji wanasema nakimbizwa na biti. Wahakiki nao wanaandika trap ya Kiswahili "haikai". Ni kweli haikai?
*Msomaji, Tandika*

Inakaa, mdogo wetu. Ila lazima uhesabu silabi, kama watunzi wa mashairi ya mizani walivyohesabu kabla yetu.

Kwa mwendo wa 140, raundi moja ya mapigo manne inachukua sekunde 1.7 hivi. Ukiweka silabi tatu kila pigo unapata silabi 12, yaani kama silabi saba kwa sekunde. Mmarekani ndani ya silabi 12 anabeba maneno tisa au kumi, maana maneno yake ni mafupi. Wewe "nitakukumbusha" peke yake ni silabi sita, nusu ya raundi imekwisha. Ukitaka kusema mengi kama yeye, lazima ukimbizwe. Punguza maneno, acha nafasi, adlibu ifanye kazi yake.

La pili, na ndilo linalowaangusha wengi, ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo unatakiwa uangukie kwenye pigo. Chukua mstari huu:

*Mapema nafika Tabata napanda*

Una silabi 12, maneno yote ya silabi tatu, mkazo katikati. Ukianza "ma" juu ya pigo, mstari mzima unapinda. Anza "ma" kabla ya pigo, kisha piga meza kwa kidole: *PE-ma-na, FI-ka-Ta, BA-ta-na, PA-nda*. Mikazo minne, mapigo manne. Hapo hakuna wa kukuambia unakimbizwa.

Sasa huu:

*Nitakuja kwako leo asubuhi*

Nao una silabi 12, lakini mikazo iko kwenye *KU*, *KWA*, *LE* na *BU*. Uweke tatu tatu, uanze popote utakapo: mikazo isiyozidi miwili ndiyo itakayogusa pigo, mingine inaning'inia. Mstari wenyewe si mbovu. Ni wa nne nne. Tanguliza "ni-ta" kabla ya pigo, halafu *KU-ja-kwa-ko, LE-o-a-su, BU-hi*, unakaa barabara. Kosa la wachanaji wengi ni kuandika mstari wa nne nne na kuulazimisha kwenye tatu tatu kwa sababu wamesikia Migos wakifanya hivyo. Changanya: raundi mbili za nne, moja ya tatu, kulingana na maneno yenyewe.

Vina usivifanye kwa irabu moja. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na "a", kwa hiyo "nasema" na "nakula" si kina cha kujivunia. Tafuta angalau silabi mbili: napanda, kitanda, kiwanda. Sikio la Mswahili limelelewa na vina kamili, na msikilizaji asiyejua kueleza kwa nini mstari haukumgusa anakuwa amelisikia pengo hilo.

Mhakiki anayeandika "haikai" bila kuonyesha mstari uliopinda, mwombe auonyeshe.

Nataka kuandika uchambuzi wa albamu na kukusanya maoni ya wasikilizaji mtaani. Nianzie wapi?
*Msomaji, Kijitonyama*

Anza kwa kutosoma ya wengine. Mzunguko wa kwanza sikiliza mfululizo, bila kuruka, bila kalamu. Wa pili chukua daftari, na kila unachokiona kiandikie wimbo na muda wake. Wa tatu ufanye mahali pengine na kwa kifaa kingine, kwa mfano kwenye gari au spika ndogo ya Bluetooth. Kisha acha siku mbili. Nyimbo unazozikumbuka bila kucheza ziandike. Orodha hiyo itakusaidia kuliko alama yoyote.

Kwenye daftari tenganisha mambo manne: biti, sauti na mwendo wa mchanaji, maneno, na mpangilio wa nyimbo. Kwenye biti usiishie "besi kali". Sikiliza kama 808 inaendana na noti za melodi. Isipopimwa vizuri inasikika inagombana na kinanda, hasa kwenye kiitikio. Sikiliza pia kama mlio wake unaendelea kulia mchanaji anapoanza beti, ukameza neno la kwanza. Andika hivyo hivyo: "Wimbo wa nne, 1:10, 808 haijakatwa, neno la kwanza la beti ya pili halisikiki." Sentensi hiyo moja inamsaidia msomaji, na inamsaidia prodyuza pia. Alama, kama lazima utoe, iwe ya mwisho kabisa.

Kwa maoni ya mtaani, usiulize "umeionaje albamu?" Dar utajibiwa "iko poa" na kila mtu, kwa adabu tu. Uliza wimbo gani aliuruka na alifika wapi kabla ya kuuruka. Uliza alisikiliza kwa kifaa gani, na kama ameirudia bila kuombwa. Andika tarehe, maana maoni ya siku ya kwanza na ya wiki ya pili usiyachanganye kwenye kapu moja. Rudi kwa watu walewale baada ya wiki mbili. Waliobadili mawazo ndio wa kuhojiwa kwa kirefu.

Kiki za msanii, ugomvi wake na mavazi yake viache nje. Na kama meneja wake amekupa bahasha, au msanii ni mshikaji wako, ama liseme hilo kwenye aya ya kwanza au usiandike kabisa.

Albamu imeongezwa nyimbo wiki moja baada ya kutoka. Nichambue ipi?
*Msomaji, Tegeta*

Ile ya kwanza, na uitaje. Mchanaji Lil Uzi Vert alitoa *Eternal Atake* 6 Machi 2020 ikiwa na nyimbo 18, na wiki moja baadaye akaongeza 14 zenye jina lake tofauti. Hizo 14 zina biti na hewa nyingine. Ukizijumlisha unahukumu kazi mbili kwa alama moja. Andika idadi ya nyimbo na tarehe uliyosikiliza juu ya makala yako, na nyongeza uipe aya yake mwishoni.